Kuhami na Kuziba: Istilahi za Mlango wa Dari

Vitabu vya sayansi vya Kiswahili huita kihami kitu chochote kinachozuia joto au umeme kupita. Shina lake ni kuhami, yaani kukinga, kulinda. Kwa hiyo dari iliyotandazwa sufi ya mawe (rockwool) juu yake imehamiwa joto. Hapo pana mtego: mtu akiandika "uhamishaji joto" kwa kazi hiyo, amesema kinyume chake, kwani kuhamisha ni kutoa kitu hapa na kukipeleka kule. Kinachofanywa darini ni kuhami joto.

Kuziba ni kazi nyingine. Kihami huzuia joto lisipenye kwenye kitu chenyewe. Kuziba huzuia hewa isipite pembeni yake. Nyumba za zamani za Umatengo, kwenye milima ya Mbinga, zinaonyesha tofauti hiyo vizuri. Paa nene la nyasi lilikuwa kihami kizuri, kwa kuwa hewa iliyonaswa kati ya mabua haipitishi joto kwa urahisi, lakini halikuziba: moshi wa jikoni ulijipenyeza ukatoka. Bati lilipokuja lilizuia mvua, lakini halikuhami. Ni chuma chembamba kisichofika hata milimita moja. Jua likiliwakia huwa la moto mara moja, na usiku mkavu wa Juni hupoa upesi vilevile.

Ndiyo maana fundi hupiga dari, na darini huacha tundu la kupandia kwenye kenchi, kukagua nyaya au bati linalovuja. Tundu hilo hufunikwa kwa kipande cha ubao kilichoegeshwa tu. Chukua mfuniko wa sentimita 60 kwa 60, wenye upenyo wa milimita 3 kuuzunguka. Mzingo wake ni sentimita 240, kwa hiyo upenyo wote ni sentimita za mraba 72: karibu kiganja cha mtu mzima bila vidole, kikiwa wazi usiku kucha. Mbinga mjini, hewa iliyopashwa joto na miili ya watu na chakula cha jioni hupanda na kutokea hapo, na ya baridi huingia chini ya mlango kuijazia nafasi.

Dawa yake haina gharama kubwa. Kata tyubu kuukuu ya baiskeli iwe vipande vyembamba, uvigundishe kwenye fremu mfuniko unapokalia, kisha weka kulabu mbili za kuubana. Huko ni kuziba. Kuhami ni kugundisha juu ya mfuniko sufi ya mawe yenye unene ule ule wa ile iliyotandazwa darini. Nisingeshauri godoro la sponji: linashika moto upesi, na nyaya ziko hapo hapo.

Ukiteremka Mbamba Bay, makao makuu ya Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, mambo yanageuka. Ziwa Nyasa liko kwenye mwinuko usiofika mita 500 juu ya usawa wa bahari, na mchana joto hutoka juu kuja chini, likimiminwa na bati kama mionzi. Hewa ya moto haina haraka ya kushuka, hivyo kuziba tundu husaidia kidogo tu. Huko fedha ya kwanza iende kwenye kuhami dari nzima, na kutoboa matundu ya hewa chini ya kingo za paa na karibu na kilele chake, yenye wavu wa kuzuia popo. Feni nayo haitahitaji kufanya kazi kwa saa nyingi kama awali.

Kwa wa milimani kuna sharti moja la kushikwa kabla ya kununua hata gundi. Wengi huingiza jiko la mkaa chumbani usiku wa baridi. Mkaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na inaua watu usingizini. Mianya ya dari haitoshi kuwaokoa, na ikizibwa hatari huongezeka. Jiko litolewe nje kwanza, ndipo fundi aitwe.