Vita vya Tabuk: Baina ya Sira na Utendi

Kijana mmoja wa madrasa huku Pugu alituuliza baada ya darsa: Je, ni kweli kuwa Sayyidna Ali (r.a.) aliwaua maelfu ya Warumi huko Tabuk? Tulipomuuliza ameyapata wapi hayo, alijibu kuwa babu yake humsomea utenzi. Swali hili linastahiki jibu, kwani wengi wetu tumelelewa kwa tenzi hizo.

Utendi wa Tambuka, uitwao pia Chuo cha Herekali, ulitungwa Pate na Bwana Mwengo bin Athumani, na nakala yake mashuhuri ni ya mwaka 1728. Katika beti zake zaidi ya 1,000, Waislamu wanapambana na majeshi ya Herekali, mfalme wa Rumi, na Sayyidna Ali ni miongoni mwa mashujaa wakubwa.

Ama sira iliyothibiti ni nyingine. Mwaka wa 8 Hijria (629) palipiganwa vita vya Muuta, wakafa shahidi Zaid bin Haritha, Jaafar bin Abi Talib na Abdullah bin Rawaha (r.a.). Mwaka wa 9 Hijria (630) Mtume (s.a.w.) alitoka kwenda Tabuk katika joto kali na dhiki. Warumi hawakutokea. Alikaa kiasi cha siku 20, akapatana na mtawala wa Ayla juu ya jizya, kisha akarejea bila ya kupigana nao. Na Sayyidna Ali aliachwa Madina kuangalia familia ya Mtume.

Maulamaa walikwishatahadharisha. Imam Dhahabi alimhukumu Abul Hasan al-Bakri, ambaye visa vingi vya maghazi hunasibishwa naye, kuwa ni mwongo mwenye kuzua.

Je, tuzitupe tenzi? La. Zimehifadhi lugha yetu na mapenzi ya wazee wetu kwa dini. Lakini kumnasibishia Mtume jambo asilolitenda ni hatari kubwa. Basi msomaji na abainishe kuwa hiki ni kisa, si dalili.

Tena iko hasara nyingine. Mafunzo ya Tabuk ni ya Kaab bin Malik, aliyebaki nyuma bila ya udhuru, akakiri kweli, akasuswa siku 50, hata toba yake na ya wenzake wawili ikateremka katika Surat Tawba. Kijana wetu aliyajua mapanga yote, na jina la Kaab hajapata kulisikia.

Wallahu a'lam.