Bei ya Kiondo Inaanzia Kariokor

Wasee, kabla hujaingia Maasai Market wikendi hii na lile swali letu la taifa, "bei ya mwisho ni ngapi?", wacha nikupitishe Kariokor kwanza.

Umenunua viatu vya ngozi pale, ama umeona vyondo vimepangwa hadi juu. Lakini jina lenyewe ni Carrier Corps, kikosi cha wabebaji mizigo, lililopita kwa midomo ya watu wetu likatoka Kariokor. Kariakoo ya Dar es Salaam pia jina lake limetoka hapo hapo.

Ilikuwa Vita vya Kwanza vya Dunia, 1914 hadi 1918. Waingereza walikuwa wanapigana na Wajerumani kwa ardhi yetu, na sehemu kubwa ya vita ilikuwa upande ambao leo ni Tanzania bara. Barabara hazikuwepo za kutosha, na wanyama wa kubeba mizigo walikuwa wanauawa na ndorobo. Kwa hivyo binadamu akageuzwa lori. Wanaume walichukuliwa, wengi kwa nguvu, wabebe chakula na risasi. Makumi ya maelfu walikufa, zaidi kwa magonjwa na njaa kuliko risasi. Familia nyingi hazikuwahi kuona mshahara wa mtu wao.

Katika vita hiyo hiyo alikuwepo Mkamba mmoja wa Wamunyu, Machakos, anaitwa Mutisya Munge. Huko Tanganyika alikutana na wachongaji, akashika ujuzi wao. Aliporudi nyumbani alianza kuchonga, akafunza wengine, na biashara ikakua. Wakamba walikuwa wanachonga tangu zamani, viti vya miguu mitatu na vyombo vya nyumbani, lakini hii sasa ilikuwa kazi ya kuuza. Baada ya miaka, wachongaji walifika Nairobi na Mombasa, wakaanzisha vyama vya ushirika. Yule twiga wa mbao unayemwona sokoni, ukoo wake unaanzia hapo.

Shida ni kwamba wanunuzi wa kwanza walikuwa masetla, wanajeshi na watalii. Kwao hii ilikuwa "kyurio", kitu cha kubeba kama ukumbusho. Mtu akinunua ukumbusho haulizi ulichukua siku ngapi. Sisi tulirithi soko, tukarithi na hayo macho.

Sasa tupige hesabu, mfano tu. Tuseme kiondo kimekula nyuzi, rangi na mkanda wa ngozi vya 400. Nauli na kibanda, 200. Kukisuka, siku nne. Wewe unatoa 900 na unajiona mjanja. Toa gharama, inabaki 300. Gawa kwa siku nne: 75 kwa siku. Hiyo nauli ya mat kwenda na kurudi inaimaliza. Ukimlipa kama mtu wa mjengo, tuseme 600 kwa siku, kiondo hicho ni 3,000.

Najua utasema, "lakini wamama husuka wakitembea, wakipiga story." Kweli, husuka hata wakiwa njiani. Lakini kazi haigeuki bure kwa sababu mikono ya mtu haipumziki. Mimi niliacha chuo nikaingia kwa content, na kila wiki kuna mtu anataka video ya bure, eti nitapata jina. Jina halinunui unga. Kama hiyo inakukasirisha, basi kiondo pia kikukasirishe.

Sisemi usibargain. Bei ya kwanza huwa imepandishwa, na kuvutana ni sehemu ya soko letu. Tena mara nyingi anayekuuzia ni broka, si aliyesuka, kwa hivyo hata ukilipa 3,000 huenda msusi hakuziona. Ndiyo maana swali la kwanza lisiwe bei. Uliza: "Nani ametengeneza? Imechukua siku ngapi?" Muuzaji akijua jibu, anzeni kuvutana kutoka hapo. Na wewe unayetengeneza shanga ama kuchora viatu, andika saa zako mahali, uzitaje kastoma akiuliza kwa nini ni ghali.

Wale wabebaji hawakuwa na nafasi ya kutaja bei yao. Mama wa vyondo anayo, basi msikize kabla hujasema mia tano.