Fidia Inayoanza kwa Wewe Kulipa

Huenda wengi wenu wa visiwani mmeshakula mchele wa Madibira bila kujua ulikotoka. Sisi tunaoishi huku tuko wilaya ya Mbarali, mkoa wa Mbeya, lakini barabara yetu upande mmoja inakwenda Rujewa na upande wa pili inapanda Mafinga, kwa hiyo kwa biashara sisi ni watu wa Iringa pia. Maji ya mto Ndembera yanalisha mashamba ya mpunga yapatayo hekta 3,000, skimu iliyojengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mavuno yakiisha, kila mtu anajua kwamba Madibira kuna hela. Matapeli wanajua kabla yetu.

Leo tuzungumzie simu moja tu, ile ya fidia. Mtu humjui, anakutaja jina lako kamili, anaongea kwa utaratibu kama karani wa ofisi kubwa. Anasema jina lako limeonekana kwenye orodha ya wanaotakiwa kulipwa. Hela ipo, ni nyingi, imebaki ada ya faili tu. Tuma sasa hivi, maana dirisha linafungwa saa kumi.

Mjini watu wanaicheka simu ya namna hii. Huku haichekeshi, kwa sababu neno fidia kwetu lina watu wake. Bonde la Usangu lilifanywa pori la akiba mwaka 1998. Mwaka 2006 wafugaji wakaanza kuondolewa na ng'ombe wao katika eneo la Ihefu, wengine wakaenda mpaka Lindi. Mwaka 2008 eneo hilo likaingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na mgogoro wa mipaka kati ya hifadhi na vijiji vya Mbarali ukaendelea kwa zaidi ya miaka kumi. Mwaka 2022 serikali ikatangaza kwamba baadhi ya vijiji vitahamishwa na watu walipwe. Sasa mtu aliyekulia katika maneno hayo, akipigiwa simu akaambiwa fidia yake imetoka, atacheka kwa lipi? Amesubiri nusu ya maisha yake.

Ndiyo maana tukaona tuitafute historia ya jambo hili, tujue limeanzia wapi. Ni la zamani kuliko simu, kuliko hata reli.

Ufaransa kulikuwa na mtu anaitwa Vidocq, mwizi aliyegeuka kuwa mkuu wa wapelelezi wa polisi mjini Paris. Katika kitabu cha maisha yake cha mwaka 1828 anaeleza barua walizokuwa wakiandika wafungwa. Walitafuta majina ya matajiri, kisha mfungwa anaandika kwamba alikuwa mtumishi wa bwana mkubwa aliyekimbia mapinduzi, kwamba njiani walilazimika kuficha sanduku la vito, na kwamba yeye peke yake anajua lilipo. Anaomba hela kidogo tu ya kumtoa alipo ili wakagawane. Vidocq anasema katika barua 100, zilizojibiwa hazikupungua 20. Watu 20 katika 100, na hapo barua ilikwenda kwa farasi!

Baadaye sanduku hilo likahamia Hispania. Mfungwa akawa tajiri aliyefungwa huko, ana binti na mali iliyofichwa, anahitaji mtu mwaminifu wa kumlipia kwanza. Barua hizo zilifika mpaka Marekani, na mwaka 1898 gazeti la New York Times liliandika kwamba huo ni miongoni mwa utapeli mkongwe kabisa unaojulikana na polisi. Mwaka 1898! Babu zetu wengi walikuwa hawajazaliwa, na tayari watu walishauita mkongwe.

Karne iliyopita ikaja zamu ya Nigeria, ambako utapeli huu umepewa jina la kifungu cha sheria kinachoukataza, 419. Barua zikawa faksi, faksi zikawa barua pepe. Msidhani walioumia ni maskini wasiosoma. Kati ya 1995 na 1998 ofisa mkubwa wa benki ya Brazil, Banco Noroeste, alikuwa akituma hela za benki yake kwa mtu aliyejifanya gavana wa Benki Kuu ya Nigeria, akiahidiwa faida ya ujenzi wa uwanja wa ndege Abuja ambao haukuwepo. Hasara ilifika dola milioni 242. Huyo ni mtu wa benki, hela ndiyo kazi yake. Kwa hiyo mama wa shambani akipigwa, wasiomjua wasiseme ni ujinga.

Nigeria ikatunga sheria maalumu ya malipo ya kutanguliza mwaka 2006. Matapeli nao wakajua kwamba dunia sasa imejaa watu waliokwisha kutapeliwa, wakaanza kuwaandikia hao hao: Umoja wa Mataifa umetenga fidia kwa walioibiwa, jina lako lipo, lipia gharama za kuhamisha. Hapo ndipo sanduku la vito lilipogeuka kuwa fidia. Vito vilihitaji tamaa kidogo. Fidia haihitaji tamaa, inahitaji mtu aliyeumia tu.

Hapa kwetu mlango ulifunguka mwaka 2008 hela zilipoanza kupita kwenye simu. Jambo jema, sisi mafundi cherehani tunalipwa hivyo na vitambaa tunaagiza hivyo. Lakini kabla yake, ili utapeliwe ilibidi uende benki au posta, na njiani unakutana na shangazi anakuuliza unakwenda wapi na hela zote hizo. Siku hizi unatapeliwa ukiwa umekaa jikoni. Na tusisahau DECI, waliojiita wapanda mbegu. Walianza 2007, serikali ikawasimamisha 2009, viongozi wake wachungaji wakatiwa hatiani 2013. Haikuwa simu ya fidia, ila ilitufundisha kwamba neno la ibada nalo linaweza kuvalishwa mtego.

Tangu hapo tumepata Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na mwanzoni mwa 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zikaanza kufungwa. Ilisaidia, haikumaliza. Taarifa za TCRA zimekuwa zikiutaja Rukwa, hapa hapa Nyanda za Juu Kusini, miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa majaribio ya ulaghai wa simu. Anayekupigia akijiita ofisa wa Dodoma anaweza kuwa jirani yako kabisa.

Mama mmoja mteja wetu alipigiwa baada ya kuuza mpunga. Ada ya faili 85,000. Akatuma. Jioni ikaja ada ya muhuri, 140,000. Akatuma. Ya tatu hakuwa nayo, simu ikakatika. Hakumwambia mumewe, alisema hela ameikopesha kikoba. Miezi minne baadaye akapigiwa na sauti nyingine, ya mwanamke mpole, kutoka "kitengo cha kurejesha fedha za waliotapeliwa". Alijua kiasi alichopoteza mpaka shilingi ya mwisho, na mama akaona huyo kweli ni wa serikali, maana hakuna binadamu mwingine aliyeambiwa. Lakini waliokijua kiasi hicho walikuwa wawili, yeye na mwizi.

Alikuja dukani kutukopa 60,000 ya kulipia. Tulimwambia aweke spika amuulize yule dada swali moja: kama mimi ndiye ninayedai, na hela yangu mnayo nyinyi, kwa nini msikate hiyo ada humo humo mkanitumia inayobaki? Yule dada akasema mfumo haukubali. Akaulizwa tena. Akasema mama una dharau, unajua unaongea na nani? Kisha akakata.

Jibu la mfumo haukubali ndilo la miaka yote. Vito viko chini ya udongo, havikatiki. Mali ya mfungwa wa Hispania imeshikiliwa, haikatiki. Sisi nasi tunachukua kianzio kwa mteja, hatukatai, lakini mteja ananunua gauni, na duka analijua lilipo. Mwenye kudai fidia hanunui kitu.

Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Mthamini anafika shambani kwako kwa miguu yake, anapima, anahesabu miti na nyumba, unapigwa picha na kusaini fomu, na taarifa yake inapelekwa kwa Mthamini Mkuu wa Serikali aiidhinishe. Katika safari yote hiyo hakuna mahali mwenye shamba anatakiwa kutuma hela kwenye namba ya mtu. Kama hukuwahi kuona mthamini shambani kwako, uliza ofisi ya kijiji, siyo namba iliyokupigia.

Namba ya tapeli itume kwa ujumbe kwenda 15040, bure. Ukipiga *106# utaona kama kuna laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako bila wewe kujua. Na kama hela imeshatoka, pigia mtandao wako huduma kwa wateja dakika hiyo hiyo wajaribu kuuzuia muamala kabla haijatolewa kwa wakala, ndipo uende polisi. Mama yetu alikwenda kituoni baada ya miezi minne, na kwanza ilibidi amweleze mumewe. Mumewe akamsindikiza.