Seli shina, simu ya mkononi na macho ya wazee wa Nakuru

Wapenzi wa teknolojia, leo tunaweka programu kando kidogo. Si sana, mtaona.

Kuna ugonjwa wa uzeeni unaokula kitovu cha retina, ile sehemu ya nyuma ya jicho tunayotumia kusoma na kutambua sura za watu. Miwani haiusaidii. Kwa miaka mingi ilisemekana ni ugonjwa wa Wazungu, Mwafrika haumhusu sana. Sasa nani alikuwa amehesabu?

Nakuru walihesabu. Mwaka 2007 na 2008 Dkt. Wanjiku Mathenge na wenzake walizunguka sehemu 100 za wilaya hiyo wakiwapima watu wa miaka 50 na zaidi, na kupiga picha ndani ya macho yao. Washiriki walikuwa 4,381, ingawa picha za karibu robo hazikusomeka (mtoto wa jicho akiziba, kamera haioni kitu nyuma). Matokeo yalichapishwa 2013: kati ya wenye picha zilizosomeka, asilimia 11.2 walikuwa na dalili za mwanzo, na asilimia 1.2 ugonjwa ulikuwa umekomaa. Kumbe tunao!

Picha hizo zilisomwa Moorfields, hospitali ya macho ya London. Shikilia jina hilo. Mwaka 2018 madaktari wa huko huko walitangaza kwamba wagonjwa wawili wa ugonjwa huu wamewekewa kiraka cha seli zilizokuzwa kutokana na seli shina. Baada ya mwaka mmoja, mmoja alisoma herufi 29 zaidi ya awali, mwingine 21. Japani walitangulia 2014, wakatumia seli za ngozi ya mgonjwa mwenyewe zilizorudishwa "utotoni" maabara. Kama kufuta diski na kuweka mfumo upya. Mama yule hakuona vizuri zaidi, lakini macho hayakuendelea kuharibika.

Haya yote bado ni majaribio. Kuna wanaouza kabla ya wakati: Florida, 2015, wanawake watatu walilipa dola 5,000 kila mmoja, wakadungwa seli za mafuta ya tumbo yao, macho yote mawili siku moja. Wakabaki vipofu au karibu na hapo. Akikuambia mtu ana dawa hiyo ya kuuza, mwulize kwa nini jaribio linatozwa pesa.

Tukirudi Nakuru, 2013 Andrew Bastawrous alikuwa akiwafuatilia wazee wale wale. Kubeba vyombo vya hospitali hadi vijijini kusikokuwa na umeme kulichosha, ndipo simu ikaingia. Programu ya Peek huonyesha herufi E ikielekea juu, chini, kulia au kushoto. Mzee anaonyesha kwa mkono, mpimaji anatelezesha kidole upande huo bila hata kutazama kioo. Mwaka 2015 ilichapishwa kwamba majibu yake yanakaribiana na ya chati ya kliniki.

Simu haitibu. Inamtafuta bibi aliyeko Njoro au Molo ambaye hakuna daktari anayejua kwamba haoni.