Mchangiaji Damu na Amana ya Kusema Kweli

Sifa zote njema anastahiki Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad (S.A.W.).

Kumtolea damu mgonjwa anayeihitaji ni katika kuhuisha nafsi, jambo ambalo Suratul Maida, aya ya 32, imelipa daraja kubwa. Tunalolieleza hapa ni sharti lake: damu hiyo isimpelekee mgonjwa maradhi mengine.

Vipimo na mpaka wake

Kabla ya kutumika, damu hupimwa Virusi vya Ukimwi, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende. Ikionekana na maradhi, hutupwa. Lakini aliyeambukizwa karibuni huweza kupitisha siku au hata wiki kadhaa kipimo hakijaonesha kitu, na huku damu yake tayari inaambukiza. Ndiyo maana mchangiaji huulizwa maswali kwanza: homa, manjano, chale au hijama ya karibuni, dawa za kujidunga na zinaa. Pale kipimo kinaposhindwa, kinga inayobaki ni ukweli wake.

Hukumu ya kuficha

Anayejua kuwa ana hatari kisha akaficha, amefanya khiyana na kumdhuru asiye na uwezo wa kujikinga. Kuwaonea haya jamaa waliomleta hospitali si udhuru. Inatosha amwambie muuguzi kwa faragha kuwa leo hafai. Hata akishatoa, aombe damu yake isitumike. Insha'Allah atalipwa kwa nia yake. Na anayemhoji naye amebeba amana: siri aliyoambiwa haimhalalikii kuitoa kwa jamaa wala jirani.

Kuuza damu

Baraza la Fiqhi la Rabita, Makka, liliamua mwaka 1989 kuwa haijuzu kuuza damu. Mgonjwa asiyeipata ila kwa kununua ana dharura, na dhambi ni ya mpokeaji. Zawadi ya kuhimiza wema haina ubaya. Tunaona katika hukumu hii maslaha ya kiafya pia, kwani anayefuata pesa ana sababu ya kuficha maradhi yake.

Nasaha

Tunawanasihi maimamu na walimu wanaohamasisha uchangiaji misikitini: asiyetoa asiulizwe sababu wala asinyooshewe kidole. Huenda kujizuia kwake ndiko kulikomsalimisha mgonjwa.

Wallahu a'lam.