Karani wa Usiku

Mtu akipata ruhusa ya kufungua programu ya zamani katika mitambo ya SAP, ile inayotunza hesabu, ghala na mishahara ya kampuni nyingi kubwa za dunia, aghalabu mstari wa kwanza atakaoukuta huanza kwa neno REPORT, ijapokuwa programu yenyewe huenda haina ripoti yoyote inayoitoa, bali kazi yake ni kuchukua maelfu ya ankara kutoka katika faili na kuyaingiza katika vitabu vya kampuni. Neno hilo limebaki pale kama jina la mtaa linavyobaki baada ya kukatwa mwembe ulioupa mtaa jina, na mwenye kutaka kujua asili yake hana budi kurudi nyuma hadi zama za kadi za matundu.

Kadi hizo Herman Hollerith alizitumia katika sensa ya Marekani ya mwaka 1890, na tangu mwaka 1928 kadi ya IBM ikawa na safu 80, kila safu herufi moja au tarakimu moja. Desturi ya kazi ilikuwa hii: mchana makarani walitoboa kadi, jioni kadi zikakusanywa na kupangwa, usiku mashine ikazimeza, na asubuhi meneja akakuta mezani pake bunda la karatasi zenye mistari ya hesabu, na hilo bunda ndilo ripoti. Aliyeuliza saa sita mchana kuwa fulani anadaiwa kiasi gani, alijibiwa deni la jana. Ripoti ilikuwa ndiyo dirisha la pekee la kuitazamia biashara, hata IBM mwaka 1959 wakatoa lugha iitwayo RPG, ambayo maana ya jina lake na shughuli yake yote ilikuwa kutengeneza ripoti basi.

Mwaka 1972 Wajerumani watano waliokuwa wakifanya kazi IBM, nao ni Dietmar Hopp, Hasso Plattner, Klaus Tschira, Claus Wellenreuther na Hans-Werner Hector, waliacha ajira zao na kuanzisha kampuni yao, ndiyo SAP, katika mji wa Weinheim. Nia yao ilikuwa kuukomesha utaratibu huo wa kungoja usiku: karani aandike hati mbele ya skrini, na papo hapo hesabu ibadilike. Mteja wao wa kwanza alikuwa kiwanda cha nailoni cha kampuni ya Kiingereza ya ICI huko Östringen. Na kwa kuwa wao wenyewe hawakuwa na kompyuta, waliazima ya mteja, nao wakaitumia zaidi usiku na siku za mapumziko, wenye mashine wakiwa wamelala. Mambo ya dunia hayaishi kuchekesha: kazi ya kuuondoa usiku katika uhasibu ilifanywa usiku. Herufi R katika majina ya mifumo yao, R/2 ya mwaka 1979 na R/3 ya mwaka 1992, ilisimamia hiyo nia ya kutenda jambo papo hapo.

Lakini mameneja waliozoea karatasi zao za asubuhi hawakuridhika na skrini peke yake. Katika R/2 programu zenyewe ziliandikwa kwa lugha ngumu ya mashine, isiyowezwa na kila mtu, kwa hiyo ikatungwa lugha ndogo nyepesi ya kuokotea habari na kuzipanga katika mistari, ikaitwa ABAP, kifupi cha maneno ya Kijerumani ambayo maana yake ni mtayarishaji wa jumla wa ripoti. Lugha hiyo iliyozaliwa kijakazi, ilipokuja R/3 ikafanywa bibi wa nyumba: skrini, hesabu, ghala, vyote vikaandikwa kwayo, na jina lake likatafutiwa maana nyingine ya Kiingereza yenye fahari zaidi. Ujerumani wake, hata hivyo, haukutoka. Hadi leo mwandishi wa programu aliyeko Nairobi au Muscat huandika BUKRS akimaanisha kampuni yenye vitabu vyake, LIFNR akimaanisha nambari ya muuzaji, MATNR akimaanisha nambari ya bidhaa, na huenda asijue neno jingine la Kijerumani maishani mwake, isipokuwa labda shule, ambalo sisi nasi tulilipata huko.

Sasa ikazuka shida ya uhamisho. Kampuni inayonunua mfumo mpya ina wateja, madeni na akiba ya ghala katika mfumo wa kale, na hakuna karani atakayeandika upya hati laki moja. Falaula data zingemiminwa moja kwa moja katika majedwali, kazi ingekwisha kwa saa moja. Ila ukaguzi wote, kwamba akaunti ipo, kwamba mwezi haujafungwa, kwamba upande wa kulia unalingana na wa kushoto, ulikuwa umewekwa katika skrini, na anayepita nyuma ya skrini anaingiza magendo. Ndipo ikabuniwa hila ambayo mimi naiona kuwa ya werevu kuliko mengi yaliyokuja baadaye: programu isome faili, kisha ijifanye karani. Huuandikia mfumo mstari kwa mstari: skrini ni nambari 0100 ya programu SAPMF05A, kisanduku ni BKPF-BLDAT, yaani tarehe ya hati, jaza 31.12.1998, kisha bonyeza. Maagizo hayo hufungwa pamoja katika kile ambacho Wajerumani walikiita Mappe, nalo ni jalada, na jalada likangoja usiku, mashine ikiwa haina watu, lipate kufunguliwa na kuandikwa na mkono usioonekana.

Alhasili, usiku ule waliokusudia kuufukuza ukarejea kwa mlango wa nyuma, na kadi zake zikiwa zimegeuka mistari ya faili. Karani huyu hachoki wala halalamiki, lakini hana akili ya kukisia. Akiwa amesajiliwa kwa mtindo wa Kimarekani, unaotanguliza mwezi, anapoambiwa aandike 31 mahali pa mwezi husimama hapo hapo. Akipewa 1.234,56 kwa desturi ya Kijerumani ilhali yeye anatarajia nukta mahali pa mkato, husimama tena. Hati iliyokataliwa hubaki ndani ya jalada, na zilizo njema hupita.

Njia nyingine zilifuata, kama vile hati ziitwazo IDoc, ambazo mifumo hupelekeana yenyewe kwa yenyewe; na mwaka 2015 ikatoka S/4HANA, inayoweka data katika kumbukumbu ya mashine ili jumla ipatikane mtu anapoiuliza. Majalada hayakwisha. Asubuhi mhasibu hufungua SM35, orodha yao, akaona lililosimama, akachagua kuonyeshwa makosa tu, na skrini ile ile ya 0100 ikamtokea mbele ya macho, imejaa nusu, mshale ukimeta katika kisanduku cha tarehe. Huitazama hati ya karatasi, hupanga siku na mwezi kwa mkono wake, hubonyeza, na hati ya pili inamngoja.