Uwindaji wa Ituri: Toka Wavu Hata Bastola



Siku moja, baada ya mafundisho ya kipaimara, kijana mmoja wa hapa Fataki alibaki nyuma mlangoni. Wenzake walipokwisha kwenda, aliniuliza: «Mwalimu, mtu akiwinda pongo kwa bastola, anatenda vibaya?»

Nikamjibu: «Mdogo wangu, swali lako si la dakika moja. Keti. Kwanza nitakueleza jinsi watu wa zamani walivyowinda, na jinsi silaha za moto zilivyoingia katika nchi yetu. Halafu utajijibu mwenyewe.» Yale niliyomweleza ndiyo ninayoyaandika hapa.

Wavu na upinde

Sisi wa Fataki tunakaa juu ya vilima vya majani, upande wa ziwa Albert. Lakini mtu akishuka magharibi mpaka Mambasa, anaingia katika mwitu mkubwa wa Ituri. Humo wawindaji hodari ni Wambuti. Tangu kale wanyama waliowalisha kila siku si tembo, bali ni wanyama wa kadiri, hasa namna nyingi za paa wa mwituni. Mdogo wao, aitwaye mboloko, ana kilo 5 hivi. Mkubwa wao, mwenye mgongo wa manjano, aweza kupita kilo 60.

Wengine kati yao huwinda kwa nyavu. Wavu husukwa kwa nyuzi za mmea utambaao wa mwituni, na urefu wake hupita meta 30. Kila jamaa huleta wavu wake, na nyavu zote huunganishwa kama nusu ya mwezi. Wanawake na watoto huingia upande ulio wazi, wakipiga kelele na kupiga vichaka. Mnyama hukimbia, hunaswa, na mwenye wavu humrukia kwa mkuki. Kisha nyama hugawanywa: huyu aliyeua, yule mwenye wavu, na wale waliosaidia, kila mmoja na sehemu yake.

Wengine, ndio Waefe, hutumia upinde. Huenda pamoja na mbwa wao, waliofungwa njuga za mti shingoni kwa kuwa mbwa wale hawabweki. Au mtu mmoja hupanda mti ambao matunda yake yanaanguka, akakaa kimya kabla ya mapambazuko. Paa huja kula, naye humpiga mshale kwa umbali wa meta chache tu.

Angalieni jambo moja. Mwenye wavu na mwenye upinde, wote wawili humkaribia mnyama. Humwona vizuri. Hujua kama ni jike au dume, kama ana mtoto, na kama akijeruhiwa atakimbilia wapi. Tena hakuna aendaye mwituni bila wenzake kujua.

Hata hivyo tusiwasifu watu wa zamani kupita kiasi. Toka miaka ya 1950 wachuuzi wa nyama walianza kuzifuata kambi za Wambuti ili kununua nyama ya kuuza mijini na kwenye machimbo. Hapo wavu ule ule uliolisha kambi ulianza kulisha soko, na soko halishibi. Kwa hiyo ubaya hauanzi katika chombo peke yake.

Gobori na sheria za wakubwa

Silaha za moto ziliingia Ituri pamoja na wafanya biashara waliotoka pwani ya mashariki, wakitafuta pembe za ndovu na watumwa. Stanley alipopita katika mwitu huu mwaka 1887, akielekea ziwa Albert, aliwakuta watu hao wamekwisha kujenga makao yao humo. Ndio hao walioleta pia lugha hii ya Kiswahili tunayosomea gazeti letu. Bunduki zao nyingi zilikuwa magobori ya kushindilia baruti kwa mdomo. Katika karne ile mafundi wa mji wa Liège, huko Ubelgiji, walitengeneza magobori mengi sana ya kuuzwa Afrika.

Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yalitia sahihi mapatano ya Brussels juu ya kukomesha biashara ya watumwa. Ndani yake waliweka mpaka: katika Afrika, kati ya nyuzi 20 kaskazini na 22 kusini, bunduki nzuri za kisasa zisiuzwe kwa wenyeji, wauziwe tu gobori za jiwe na baruti ya kawaida. Sababu iliyotajwa ilikuwa watumwa. Lakini matunda yake ni kwamba Mzungu alibaki na bunduki ya kupiga mbali, na mwenyeji na gobori.

Mwaka 1900 wakubwa walikutana tena, safari hii London, ili kuhifadhi wanyama wa Afrika. Mapatano yao ya tarehe 19 Mei yalitaka matumizi ya nyavu na mashimo ya kutegea yawekewe mipaka. Hayakuanza kutumika, kwa sababu si serikali zote zilizoyathibitisha. Lakini fikira ile ilibaki katika sheria nyingi zilizofuata. Mzee wa kambi aliyemkaribia paa kwa wavu aliitwa mharibifu; bwana aliyempiga kwa bunduki toka ng'ambo ya bonde aliitwa mwindaji.

Bastola ya Herstal

Sasa tufike kwenye bastola yenyewe. Mwaka 1889 kiwanda cha silaha kilianzishwa Herstal, mji ulio karibu kabisa na Liège, ili kulitengenezea jeshi la Ubelgiji bunduki. Mmarekani mmoja, John Moses Browning, alikiuzia kiwanda kile mawazo yake. Mwaka 1900 jeshi la Ubelgiji lilikubali bastola yake. Browning alifia huko huko Herstal mwaka 1926. Bastola nyingine aliyoianza ilimalizwa na Dieudonné Saive, ikatoka mwaka 1935, nayo hubeba risasi 13 ndani ya mpini. Jamaa zake zimeenea dunia nzima, na Kongo pia.

Kazi yake ni hii. Ukifyatua mara moja, risasi moja hutoka. Nguvu ya mshindo husukuma nyuma chuma cha juu, ganda tupu hurushwa nje, na springi hupandisha risasi nyingine mahali pake. Kwa hiyo huhitaji kupakia. Wafyatua tena tu.

Je, yafaa kwa pongo? Tufanye hesabu. Pongo dume ana kilo 40 hadi 80. Mahali pa kumwua upesi, penye moyo na mapafu, ni kama ukubwa wa sahani. Katika bastola, toka alama ya kulengea ya nyuma mpaka ya mbele ni sentimeta 16 hivi. Mkono ukitetemeka na alama ya mbele ikisogea milimita 1 tu, kwa meta 10 risasi itapotea sentimeta 6. Kwa meta 20 itapotea zaidi ya 12. Kwa meta 50 itapotea 31, yaani itampiga tumboni au mguuni. Katika bunduki ndefu, yenye sentimeta 60 kati ya alama zake, kosa lile lile kwa meta 50 ni sentimeta 8 tu. Na nguvu? Risasi ya bastola ya milimita 9 hutoka na nguvu ya jouli 500 hivi. Bunduki kubwa ya kuwindia hupita 3,000.

Ni kweli, huko Marekani wako watu wawindao kulungu na nguruwe mwitu kwa bastola za namna hii, wakitumia risasi zenye nguvu zaidi, kama ile ya milimita 10 iliyotokea mwaka 1983. Lakini wenye akili kati yao hufuata kibali na majira, hujizoeza miezi mingi, na hukataa kufyatua kama mnyama yuko mbali. Yaani bastola huwarudisha pale pale aliposimama Mwefe juu ya mti wake. Asiyejua kukaribia, risasi zake 13 humpa nafasi ya kukosea mara 13. Na pongo aliyejeruhiwa hujificha majanini, mkali sana, akafa huko bila kumlisha mtu.

Baada ya vita

Nilimkumbusha kijana yule mambo ambayo wazazi wake waliyaona. Tangu mwaka 1999 vita vya Ituri vilijaza nchi silaha. Mwezi wa Juni 2003 askari wa Ulaya waliletwa Bunia kuzuia mauaji, nasi wa Fataki tulijua nini maana ya kukimbia na kurudi. Mwituni nako bunduki za vita zilifanya kazi yake: katika hifadhi ya okapi, iliyowekwa mwaka 1992, tembo walipungua sana. Mwezi wa Juni 2012 watu wenye silaha walivamia Epulu, wakaua walinzi na watu wengine, na okapi 14 waliotunzwa pale hawakusalia. Okapi wale hawakuuawa kwa njaa ya mtu. Silaha ilikuwepo, basi.

Sheria ya nchi yetu juu ya uwindaji ni ya tarehe 28 Mei 1982, na ile ya silaha ni ya mwaka 1985. Zote mbili zadai kibali. Lakini sikutaka kijana ajibiwe na sheria peke yake. Nilimsimulia pia habari ya Mtakatifu Hubert, msimamizi wa wawindaji, aliyekuwa askofu wa Liège na kufa mwaka 727. Mapokeo husema kwamba katika ujana wake alikuwa akimfukuza ayala mwituni. Alipomkaribia, aliona msalaba kati ya pembe zake, akashusha silaha. Toka mji wake mpaka kiwanda cha Herstal ni mwendo mfupi wa miguu.

Kisha nikamwuliza: «Mdogo wangu, pongo wa mwisho ulimwona lini katika vilima hivi?»

Akasema: «Sijamwona hata mmoja. Babu ndiye aliyeniambia walikuwako.»

«Basi, bastola hiyo ni ya kumwinda nani?»

Alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema: «Bastola si yangu, Mwalimu. Ilikuwa ya kaka yangu. Yeye amekwisha kufa.»

Tulizungumza tena mara tatu, na mara moja pamoja na mama yake. Mwishowe silaha ile ilitoka nyumbani kwao. Jinsi ilivyotoka, si lazima niandike hapa.

Ninyi wazee mnaokumbuka uwindaji wa zamani, waiteni vijana jioni, muwaeleze. Kijana asiyewahi kusikia habari za pongo hudhani bastola ni chombo cha kuwindia. Ilitengenezwa kwa ajili ya mtu na mtu mwenzake, kwa umbali wa chumba kimoja, na mahali pasipo na pongo hurudi kwenye kazi yake ya kwanza.